Usukani unatetema kuanzia kilomita 90 kwa saa ilhali magurudumu yamebalansiwa: uchunguzi uanzie wapi?

Msafiri wa Kanda ya Kati ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Naomba ushauri kuhusu gari langu, Toyota Premio ya mwaka 2004, lenye injini ya lita 1.8 na gia za otomatiki. Kwa matumizi ya mjini Dodoma halinipi shida yoyote. Lakini ninaposafiri kwenda Morogoro, nikishapita Dumila na kupata barabara iliyonyooka kuelekea Dakawa, usukani huanza kutikisika kulia na kushoto mara tu mshale wa kasi unapofika kilomita 90 kwa saa. Mtetemo huwa mkali zaidi kati ya 100 na 105, kiasi kwamba mikono hufa ganzi, kisha hupungua kidogo nikifika 115, jambo ambalo sijalielewa. Chini ya 80 gari limetulia kabisa.

Tatizo lilianza nilipoondoa rimu za chuma zilizokuja na gari na kufunga rimu za sporti zilizokwishatumika. Matairi ni yaleyale ya 195/65R15. Yalihamishwa tu kutoka rimu moja kwenda nyingine. Nilirudi kwa fundi wa matairi, akabalansi upya (yaani akasawazisha uzito wa) magurudumu yote manne mbele yangu, mashine ikaonyesha sifuri upande wa ndani na wa nje, lakini hali barabarani haikubadilika hata kidogo.

Baada ya hapo nimepewa majibu ya kila namna. Fundi mmoja ameniambia ninunue draivu shafti (mihimili inayozungusha magurudumu ya mbele) za pande zote mbili, mwingine anasema ni alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, na mwingine anataka tufungue raki ya usukani. Kila mmoja anazungumza kwa uhakika mkubwa, ilhali hakuna hata mmoja aliyeliendesha gari kwa kasi hiyo kabla ya kutoa uamuzi. Kwa hiyo sihitaji kutajiwa kifaa cha kununua. Naomba nielekezwe utaratibu wa kuchunguza, ili nijue kosa liko wapi kabla sijatoa fedha.

---

Fundi wa Chini ya Gari amejibu:

Ndugu Msafiri, maelezo yako yamefanya nusu ya kazi, kwa sababu umetaja kasi ambayo mtetemo unaanza, kasi ambayo unakuwa mkali, na kasi ambayo unapungua. Wateja wengi hufika gereji wakisema tu kwamba gari linatikisika, na fundi asipouliza zaidi huishia kubahatisha kwa fedha za mwenye gari.

Nianze na hilo ambalo hujalielewa. Tairi la 195/65R15 lina kipenyo cha takribani sentimita 63, hivyo kila linapozunguka mara moja gari husogea karibu mita 2. Ukiwa katika kilomita 100 kwa saa unasafiri karibu mita 28 kila sekunde, maana yake kila gurudumu linazunguka takribani mara 14 kwa sekunde. Sasa gurudumu, hubu (kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake) na mikono ya chuma inayoishikilia, vikiwa vimeshikiliwa na springi pamoja na mpira wa tairi, vina mdundo wao wa asili ambao kwa magari mengi madogo uko kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Kasoro ya gurudumu inapopiga kwa mdundo huohuo, mtikisiko hukua. Ukiupita mdundo huo kwa kuongeza kasi, hupungua ingawa kasoro iko palepale. Ndiyo sababu mtetemo unaotokana na magurudumu huwa na kasi yake maalumu, na ndiyo sababu si salama kuuondoa kwa kukimbia zaidi.

Pia msidharau uzito mdogo. Gramu 30 zikikosekana kwenye ukingo wa rimu ya inchi 15, kwa kilomita 100 kwa saa huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 4 na nusu, na mvuto huo hubadili mwelekeo kila gurudumu linapozunguka. Nguvu hiyo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo katika kilomita 50 ni robo tu ya hapo, na dereva wa mjini hawezi kuihisi.

Sasa utaratibu wenyewe. Jambo la kwanza ni kujua mtetemo unahisiwa wapi. Ukiwa mikononi, kwenye usukani, mara nyingi chanzo kiko kwenye magurudumu ya mbele; ukiwa kwenye kiti na sakafu huku usukani umetulia, tazama nyuma. Jambo la pili, ambalo naliona muhimu kuliko yote, ni kujua nini kinaubadilisha. Ukikanyaga breki taratibu kutoka 100 na mtetemo ukaanza au ukazidi, huku kanyagio likidunda chini ya mguu, diski za breki ndizo zenye mashaka, na kwa kawaida si kwamba zimepinda kama watu wasemavyo bali unene wake si sawa pande zote. Ukitokea unapokanyaga mafuta na kupotea mara unapoachia, hapo ndipo neno la draivu shafti linapokuwa na maana, hasa sivi jointi ya ndani, yaani kiungo cha shafti upande wa gia boksi. Ile ya nje ikichakaa hujulikana zaidi kwa kugonga tak-tak-tak unapokata kona. Ukisikia mvumo unaobadilika unapolaza gari kidogo kulia au kushoto, fikiria beringi ya gurudumu. Na kama gari linatetema hata likiwa limesimama na gia iko D, mauntini za injini zichunguzwe, lakini hiyo ni habari tofauti na yako.

Kuna jaribio moja linalotenganisha injini na magurudumu. Ukiwa kwenye kasi ya mtetemo, peleka gia N bila kubonyeza kitufe cha kwenye lever, kisha acha gari liteleze. Mtetemo ukiendelea uleule, injini na gia boksi hazihusiki. Chanzo ni kitu kinachozunguka pamoja na magurudumu. Fanya jaribio hili pale tu barabara ni nyoofu, tambarare na haina gari karibu yako, na usizime injini kamwe gari likiwa linakwenda, kwa sababu usukani utakuwa mzito na breki zitapoteza msaada wa busta. Unaporudisha D, mguu usiwe kwenye mafuta.

Kuhusu alaimenti, nasema wazi kwamba simuungi mkono fundi huyo. Alaimenti mbovu hulivuta gari upande na kula tairi upande mmoja. Haitikisi usukani kwa kasi maalumu, isipokuwa imeachwa muda mrefu mpaka tairi limeliwa kwa mawimbi, na hapo tatizo tayari limekuwa la tairi.

Tafadhali fanya majaribio hayo, kisha hamisha magurudumu ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele, kila moja libaki upande wake. Mtetemo ukihama, umehama na magurudumu. Usipohama, chunguza hubu, boljointi, tairodi na vingine vilivyobaki pale mbele. Magurudumu yakiwa yametolewa, nitazamie pia mambo mawili: ukubwa wa tundu la katikati la rimu ukilinganisha na hubu ya gari, na umbo la nati zinazofunga.

---

Dereva wa Masafa amejibu:

Naunga mkono maelezo ya fundi, na ninaongeza jambo ambalo halihitaji kifaa chochote zaidi ya tochi. Chungulia ndani ya rimu, upande unaoelekea kwenye shokapu. Sisi tunaopita njia za vumbi za Kilosa na Mvomero wakati wa masika tunajua kwamba tope hukusanyika humo, likakauka kama saruji, na bonge moja lenye uzito wa gramu mia mbili linaweza kutikisa gari zima mara tu unaporudi kwenye lami. Watu hulipa balansi huku tope lingali ndani. Siku bonge linapodondoka, balansi iliyofanywa inakuwa imeharibika yenyewe. Rimu ioshwe ndani kwanza, kisha ndipo ipelekwe kwenye mashine. Wakati huohuo tazama kama kuna alama ya gundi mahali ambapo kipande cha risasi kilikuwa kimebandikwa na sasa hakipo.

Jambo lingine ni tairi lenyewe. Pitisha kiganja polepole juu ya kashata za tairi (mpira wenye michoro unaogusa barabara) kuzunguka duara lote, gari likiwa limeinuliwa kwa jeki na kuwekewa stendi. Ukikuta mahali palipovimba, au kashata zinapinda kama nyoka badala ya kwenda mstari mmoja, nyuzi za chuma ndani ya tairi zimeachana, na tairi hilo lisirudi barabarani hata kwa safari fupi. Tairi la namna hiyo huwa linaanza na mtetemo mdogo na kumalizikia kwa kupasuka. Soma pia tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya mtumba yanaweza kuwa na kashata nzuri za kuvutia macho huku mpira umezeeka, na jua letu haliyasaidii. Upepo nao upimwe asubuhi kabla ya safari, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, si kwa kipimo cha kukisia.

---

Msafiri wa Kanda ya Kati ameandika:

Nawashukuru sana. Nimefanya kama mlivyoelekeza, nikisaidiwa na kijana wa gereji ya jirani, na haya ndiyo niliyoyaona.

Nikiweka N katika kasi ya 100, mtetemo unaendelea vilevile. Nikikanyaga breki hauzidi, na kanyagio halidundi. Kukanyaga mafuta au kuachia hakubadilishi chochote, wala hakuna mlio wowote kwenye kona. Baada ya kuhamisha magurudumu, usukani umetulia kwa kiasi kikubwa, lakini sasa kiti changu ndicho kinachotetema katika kasi ileile. Rimu ni safi kwa ndani, matairi hayana uvimbe, na tarakimu zake zinaonyesha kwamba bado hayajazeeka.

Fundi, umeniambia nitazame tundu la katikati. Nyuma ya rimu pameandikwa 73.1. Ukiipachika rimu kwenye hubu kabla ya kukaza nati unaona nafasi kubwa pande zote, kiasi cha kuingiza kidole. Kuhusu nati, nimegundua kwamba hazifanani. Muuzaji wa rimu alinipa mfuko wa nati, na fundi akazichanganya na zangu za zamani, hivyo katika kila gurudumu nyingine zina ncha ya koni na nyingine zina shingo ya mviringo yenye washa bapa. Je, hilo linaweza kuwa na uzito wowote, au ni jambo la sura tu?

---

Fundi wa Chini ya Gari amejibu:

Lina uzito mkubwa, ndugu yangu, na kabla ya kueleza naomba usiende safari nyingine na gari hilo mpaka nati zibadilishwe. Hili si suala la starehe ya safari tena, ni suala la gurudumu kubaki kwenye gari.

Hubu ya Premio yako ina kipenyo cha milimita 54.1 katikati. Rimu ya chuma iliyokuja na gari ina tundu linalolingana na kipimo hicho, kwa hiyo ukiisukuma inakaa katikati yenyewe, hata kabla nati hazijaguswa. Rimu za sporti hutengenezwa na tundu kubwa ili ziweze kufungwa kwenye magari ya aina nyingi, na 73.1 ni kipimo kinachoonekana mara kwa mara. Tofauti ya hapo ni milimita 19. Hivyo rimu yako haishikwi katikati na hubu hata kidogo. Inategemea nati peke yake.

Nati ya koni inaweza kuifanya kazi hiyo kwa kiasi, kwa kuwa mteremko wake wa nyuzi 60 huingia kwenye tundu lenye mteremko huohuo na kuivuta rimu ikae mahali pake. Nati yenye shingo na washa bapa haiwezi. Hiyo imetengenezwa kwa ajili ya rimu za aloi za kiwandani za Toyota, ambazo matundu yake ya nati ni bapa na hushikwa katikati na hubu. Ukiiweka kwenye tundu la koni, inagusa ukingo mwembamba tu. Unaweza kuikaza mpaka fimbo ikapinda, lakini baada ya kilomita kadhaa ule ukingo unalika na nati inalegea. Umechanganya nati zinazovuta rimu na nati zinazoiacha pale ilipo, na matokeo yake ni kwamba gurudumu limefungwa nje ya katikati, kila upande kwa namna yake.

Sasa ndipo tunaelewa kwa nini mashine ilionyesha sifuri na gari likaendelea kutetema. Mashine ya balansi huishika rimu kwa koni inayopenya kwenye tundu la katikati. Kwa hiyo inapima gurudumu likiwa limekaa katikati sawasawa, hali ambayo kwenye gari lako haipo. Fundi wako wa matairi hakukudanganya. Alipima kitu tofauti na kile kinachozunguka barabarani. Chukua gurudumu lenye uzito wa kilo 16 pamoja na tairi, kisha lisogeze nusu milimita tu kutoka katikati: athari yake ni sawa na kubandika kipande cha gramu 42 kwenye ukingo wa rimu ya inchi 15. Nusu milimita huioni kwa macho. Hakuna balansi ya mezani inayoweza kuondoa kosa hilo, na ukibalansi mara nyingine kumi utapata sifuri mara kumi.

Tiba yake si ya gharama. Tafuta pete za hubu zenye kipimo cha nje 73.1 na cha ndani 54.1. Zipo za plastiki ngumu na za aluminiamu. Zikikosekana madukani, fundi wa kukereza vyuma anaweza kuzitengeneza kwa aluminiamu, mradi apime hubu na rimu kwa kalipa ya vipimo na si kwa rula. Pete inatakiwa iingie kwa kubana kidogo, isicheze wala isihitaji nyundo. Kazi yake ni kuikalisha rimu katikati wakati wa kufunga. Mzigo wa gari unabebwa na nati na msuguano kati ya rimu na uso wa hubu, kwa hiyo usidhani kwamba pete inaweza kufidia nati mbovu. Uso wa hubu nao usuguliwe kwa brashi ya waya mpaka kutu yote iondoke, kwani ganda la kutu upande mmoja linatosha kuilaza rimu.

Nati nunua seti moja ya koni kwa magurudumu yote, uzi wa milimita 12 kwa 1.5. Kabla ya hapo kagua matundu ya rimu yaliyokuwa yamefungwa kwa nati za washa. Ukikuta yameliwa au yamekuwa ya mviringo usio sawa, rimu hiyo isitumike. Kagua na nyuzi za bolti za hubu. Wakati wa kufunga, gari likiwa bado limeinuliwa, ingiza nati zote kwa mkono, kaza kidogo kwa mtindo wa nyota, yaani ukiruka nati moja kila mara, kisha shusha gari na umalizie kwa spana ya kipimo kwenye nyutoni-mita 103, ambacho ndicho kipimo cha Toyota kwa nati hizi. Usikubali bunduki ya upepo imalizie kazi. Bunduki hukaza nati moja kupita kiasi na nyingine pungufu, na ukazaji usiolingana unaweza hata kuikunja diski ya breki taratibu, ukaja kuuliza swali lingine hapa kuhusu breki. Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza tena kwa kipimo hichohicho.

---

Mwenye Hiace ameuliza:

Wakuu, samahani kwa kuingilia. Gari langu ni Hiace, nalo lina mtetemo, lakini ni wa aina nyingine: sakafu inavuma na kutetema kwa haraka sana kuanzia kilomita 75 hivi, zaidi nikiwa nimebeba abiria wengi. Usukani umetulia. Je, nami nianze na rimu?

---

Mwalimu wa Warsha amejibu:

Ndugu mwenye Hiace, nakushauri uanze na propela shafti, yaani bomba refu linalopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi nyuma. Gari lako linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na kwa kuwa difu (gia za kwenye ekseli ya nyuma) hupunguza mizunguko kwa takribani mara 4, propela huzunguka mara 4 hivi kila gurudumu linapozunguka mara moja. Kwa hiyo kasoro ya gurudumu huja kama mtikisiko unaoweza karibu kuuhesabu, ilhali kasoro ya propela huja kama mvumo wa haraka unaopanda kwenye nyayo, na ndivyo ulivyoeleza. Mzigo kubadilisha hali ni dalili nyingine nzuri: gari likishuka nyuma, pembe ya krosi jointi (kiungo kinachoiruhusu propela kukunjika) inabadilika, na krosi iliyochakaa hujidhihirisha hapo.

Weka vizuizi imara kwenye magurudumu, injini ikiwa imezimwa na gia iko huru, kisha lala chini na ujaribu kuzungusha propela kwa mikono kwenda na kurudi huku umeitazama kila krosi. Pasiwe na mchezo wowote ndani ya krosi yenyewe. Mchezo kidogo unaotoka kwenye meno ya difu ni wa kawaida, usivichanganye viwili hivi. Vumbi jekundu la kutu kwenye vikombe vya krosi lina maana kwamba grisi imekwisha zamani. Kama propela yako ni ya vipande viwili, isukume juu na chini pale katikati uone kama mpira wa senta beringi umechanika. Tazama pia kama kuna mbonyeo wa jiwe kwenye bomba la propela, au alama ya kipande cha kusawazisha kilichokuwa kimechomelewa na sasa hakipo.

Ikilazimu kuifungua, piga alama ya rangi au ya patasi kwenye flanji (sahani za kuungia) zote na mahali vipande vinapoingiliana, kabla ya kulegeza bolti ya kwanza. Propela husawazishwa ikiwa imeunganishwa kwa mpangilio fulani, na krosi zake zimepangwa zielekeane ili moja irekebishe yumbo la nyingine. Ukiirudisha kwa kukosea meno, utakuwa umebadilisha krosi mpya na kuleta mtetemo mkubwa kuliko wa awali. Nimeona gari likiletwa kwetu warshani kwa sababu hiyo tu, vifaa vyote vikiwa vipya.

---

Msafiri wa Kanda ya Kati ameandika:

Naleta mrejesho. Pete hazikupatikana madukani kwa kipimo changu, kwa hiyo zimekerezwa za aluminiamu, na nati zote zimebadilishwa kuwa za koni. Rimu moja ilikutwa na matundu mawili yaliyoliwa, kama fundi alivyohofia, nikaiondoa na kutafuta nyingine ya aina hiyohiyo. Ukazaji ulifanywa kwa spana ya kipimo. Nimeliendesha gari kwenye njia ileile na usukani sasa hautikisiki tena kwa kasi yoyote ninayoendesha. Kilichobaki ni mtetemo hafifu sana kwenye kiti, kati ya 100 na 105, ambao abiria hauhisi lakini mimi nauhisi. Magurudumu yalibalansiwa tena baada ya kubadilisha rimu ile. Je, niuache, au bado kuna kitu?

---

Fundi wa Chini ya Gari amejibu:

Usiuache, kwa sababu sasa umebaki na kosa dogo ambalo ni rahisi kulipata. Mashine ya balansi ya kawaida hupima uzito, haipimi umbo. Tairi linaweza kuwa na uzito uliosawazishwa kikamilifu huku duara lake si kamili, na hapo gari litapanda na kushuka kila tairi linapozunguka.

Inua gari upande wa nyuma kwa stendi, magurudumu ya mbele yakiwa yamezuiwa na breki ya mkono imeachiwa. Chukua kipande cha waya mgumu ulioshikizwa kwenye tofali au kopo zito, ncha yake ikae karibu kabisa na kashata ya katikati ya tairi bila kuigusa. Zungusha gurudumu polepole kwa mkono na utazame nafasi kati ya ncha na tairi inavyopanuka na kubana. Weka alama ya chaki mahali pa juu kabisa. Tofauti ikizidi milimita 1 na nusu kwenye gurudumu moja, hilo ndilo linalokutetemesha. Kisha hamishia ncha ya waya kwenye ukingo wa rimu na urudie. Hapo utajua kama aliyepinda ni rimu au ni tairi, na kwa kuwa rimu zako zimetumika barabara zenye mashimo kabla hazijakufikia, ningeanza na hiyo uliyoipata juzi.

Rimu ikionekana sawa na tairi likawa na mahali pa juu, mwambie fundi wa matairi atoe upepo, alegeze tairi, alizungushe nusu duara juu ya rimu, alijaze upya na kulibalansi. Mara nyingi mahali pa juu pa tairi panakutana na mahali pa chini pa rimu na tofauti inapungua. Pima tena kwa waya uleule. Ikibaki juu ya milimita 1 na nusu hata baada ya kuzungushwa, badilisha tairi hilo. Ikiwa rimu ndiyo iliyopinda, irudishe kwa muuzaji badala ya kuipeleka igongwe nyundo, kwa kuwa aloi iliyogongwa ikiwa baridi hupata nyufa ambazo huzioni mpaka upepo unapoanza kuisha njiani.